Risasi ikikosekana, bunduki ni bomba tu: historia fupi ya silaha za kulindia shamba

Ndugu mkulima, mahindi yanapoanza kubeba, maswali mawili hurudi kila mwaka kuanzia Kinole na Mkuyuni hadi Matombo na Mgeta. La kwanza: "Zamani wazee walikuwa na bunduki, nguruwe na nyani wakatuogopa. Bunduki zile zimekwenda wapi?" La pili: "Kuna bunduki ya babu nyumbani, mbona risasi zake hazipatikani tena?"

Maswali haya mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe liko kwenye historia. Nimeona niiandike kwa sababu funzo lake halihusu bunduki peke yake. Linahusu pia pampu ya maji, bomba la kunyunyizia dawa, mashine ya kukoboa na kila chombo ambacho mkulima au mfanyabiashara wa kijijini hutolea fedha. Chombo kina thamani pale tu chakula chake kinapopatikana, kwa bei inayolipa, na sheria ikiruhusu.

Tuelewane kwanza kuhusu risasi

Risasi ya kisasa ina sehemu nne: ganda, fataki inayotoa cheche, baruti inayosukuma, na kichwa kinachoruka. Kila bunduki hutengenezwa kwa kipimo kimoja cha risasi. Kipimo kikipungua au kuzidi kidogo tu, ama haiingii ama inampasukia mwenyewe. Kwa hiyo kiwanda kinapoacha kutengeneza risasi ya kipimo fulani, bunduki zote za kipimo hicho hubaki mabomba ya chuma, hata kama ni nzima kabisa.

Jambo la pili ni hesabu. Risasi inayoua nyati hurudisha gharama yake kwa nyama. Risasi inayoua nyani hairudishi kitu, kwa sababu nyani haliwi. Nguruwe pori naye ana wateja katika baadhi ya vijiji vyetu, na katika vingine hana mteja hata mmoja. Kwa sababu hiyo risasi ya wanyama waharibifu ni lazima iwe rahisi kuliko mazao inayookoa. Risasi nyingi zimeachwa kwa kushindwa hesabu hiyo, si kwa kukosa nguvu.

Gobore: silaha iliyokula chochote

Karne ya 19 bunduki ziliingia bara kupitia Zanzibar, na kufikia miaka ya 1880 zilikuwa makumi ya maelfu kwa mwaka. Nyingi zilikuwa bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya, zinazoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Za mwanzo zilikuwa gumegume, zenye jiwe la kutoa cheche. Baadaye zikaja za fataki. Sisi tunazijua kwa jina la gobore.

Morogoro ilikuwa kwenye njia ya misafara. Kisabengo alijenga hapa ngome yake, iliyokuja kujulikana kwa jina la Simbamwene, na Stanley alipopita mwaka 1871 aliandika habari za kuta zake zenye matundu ya kupitishia mitutu. Silaha ya kumzuia adui ndiyo hiyo hiyo iliyotumika shambani.

Gobore lilipendwa kwa sababu halikuchagua chakula. Baruti ilinunuliwa kwa uzito. Ndani ya mtutu ungeweza kutia goroli la risasi, marisau, hata vipande vya chuma. Likiharibika, mhunzi alilitengeneza.

Lakini kasoro zake mkulima wa milimani alizijua vizuri. Baruti ikipata unyevu haiwaki, na Uluguru mvua na ukungu havina likizo. Ukishafyatua mara moja, unahitaji muda wa kushindilia tena, na kundi la nyani halikusubiri. Moshi mzito hukuziba macho usione kama umepata au umekosa. Na umbali wake wa kulenga kwa uhakika ni mfupi.

Kwa nini basi lilidumu miaka mingi hivyo? Sababu kubwa ni sheria. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kukubaliana, pamoja na mambo ya kuzuia utumwa, kuwa bunduki mpya zinazojazwa kwa nyuma zisiuzwe kwa wenyeji katika sehemu kubwa ya Afrika. Magobore na baruti ya kawaida yaliwekewa masharti mepesi zaidi. Watawala hawakutaka wananchi wawe na silaha zinazolingana na za askari wao. Gobore likabaki mikononi mwa wakulima kwa sababu ndilo lililoruhusiwa.

Wakati wa Wajerumani

Mwaka 1896 serikali ya Wajerumani chini ya Wissmann ilitoa amri ya uwindaji yenye leseni na ada. Mkulima aliyekuwa akiwinda ili kulinda shamba na kupata kitoweo akajikuta anavunja sheria. Tangu mwaka 1902 ikaongezeka kazi ya lazima katika mashamba ya pamba ya pamoja kusini na pwani, na watu wakapungukiwa muda wa kulinda mashamba yao. Wanahistoria wameandika kuwa uharibifu wa nguruwe ulikuwa miongoni mwa machungu yaliyotangulia Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Baada ya vita ile magobore mengi yalikusanywa na serikali. Nguruwe hawakukusanywa.

Kipindi hicho hicho kinatuonyesha jinsi risasi inavyopitwa na wakati. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari wengi wa Wajerumani hapa walikuwa bado na bunduki aina ya Mauser ya mwaka 1871, ya kipenyo cha milimita 11, yenye kufyatua risasi moja moja na baruti ya moshi. Risasi yake ilikuwa kubwa na nzito, wala hakuna aliyelalamika kuwa haina nguvu. Shida ilikuwa moshi. Kila aliyefyatua alimwonyesha adui mahali alipo. Waingereza walikuwa na .303 isiyo na moshi, na Wajerumani wenyewe walizichukua kwa furaha kila walipoziteka.

Agosti 1916 jeshi la Smuts liliingia Morogoro, na mapigano yakahamia upande wa Mgeta na Kisaki. Katika vita hiyo, Januari 1917, aliuawa Frederick Selous huko Beho Beho. Mwindaji huyu alianza kazi Afrika Kusini mwa miaka ya 1870 na gobore kubwa mno la namba 4, lenye goroli la karibu robo ratili. Lilipiga bega lake hadi akajuta kulitumia. Miaka ilivyokwenda alihamia bunduki za kipenyo kidogo na kidogo zaidi, zilizoruka mbali na kwa unyoofu. Maisha ya mtu mmoja yalitosha kuona aina kadhaa za risasi zikija na kupita.

Bwana Nyama na risasi ya .404

Baada ya vita Waingereza waliunda Idara ya Wanyama mwaka 1919, mkuu wake wa kwanza akiwa Swynnerton. Moja ya kazi zake ilikuwa kuwafukuza tembo mashambani. Wazee wanamkumbuka afisa wa idara hiyo kwa jina la Bwana Nyama. Mkulima alipewa nafasi ya kumiliki gobore kwa leseni. Kwa tembo na kiboko aliambiwa apeleke habari, aje askari mwenye rifle.

Rifle iliyotumika sana katika idara za wanyama za makoloni kadhaa ya Waingereza, Tanganyika ikiwemo, ilikuwa ya .404 Jeffery. Ilikuwa risasi nzuri: inaua, haimpigi sana bega mfyatuaji, na bunduki yake ilikuwa rahisi kuliko zile za mitutu miwili za matajiri.

Lakini risasi zake zilitegemea zaidi kiwanda kimoja, Kynoch cha Birmingham, Uingereza. Makoloni yalipopata uhuru, wateja wakubwa wa risasi hizo wakapungua, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kynoch walikuwa wameacha kutengeneza karibu familia nzima ya risasi kubwa za uwindaji. Kwa upande wa pili, mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilikuwa imetoa .458, iliyotengenezwa kwa wingi na kuingia kwenye bunduki ya kawaida ya bei nafuu. Idara za wanyama zikahamia huko.

Angalia jambo hili vizuri. Risasi za .458 za miaka ile hazikuwa bora kuliko .404. Wawindaji walizilalamikia kwa sababu baruti yake ilishindiliwa sana ndani ya ganda, na baadhi yake zikapoteza nguvu. Lakini zilipatikana, na zilizo bora zaidi hazikupatikana. Mwenye .404 alibaki na bunduki nzuri isiyo na chakula mpaka miaka ya 1990, viwanda vichache viliporudi kutengeneza risasi zake, kwa bei ambayo askari wa kijijini haiwezi.

Zilizodumu: namba 12 na .22

Si zote zilizokufa. Mbili zimedumu zaidi ya miaka mia moja, nazo ndizo zinazofaa wanyama waharibifu.

Ya kwanza ni bunduki ya marisau ya namba 12. Namba hiyo maana yake ni kuwa goroli 12 za risasi zenye upana wa mtutu huo zina uzito wa ratili moja. Ndiyo maana namba 4 ni mtutu mkubwa kuliko namba 12. Ilikuwepo pia namba 16, iliyopendwa sana Ujerumani na Ufaransa. Hakuna aliyethibitisha kuwa 16 ni mbaya. Namba 12 ilifanya kazi yote ya 16 na zaidi, viwanda vikaelekeza nguvu huko, maduka yakafuata.

Hata namba 12 ilikuwa na ugonjwa wake huku kwetu. Maganda yake yalikuwa ya karatasi nene, na karatasi ikinywa unyevu huvimba, risasi ikakataa kuingia kwenye mtutu. Mwaka 1960 Remington ya Marekani ilianza kuuza maganda ya plastiki. Badiliko hilo dogo ndilo lililoifanya iaminike kwenye sehemu za mvua.

Ya pili ni .22 ndogo, iliyotoka Marekani mwaka 1887. Haifai kwa nguruwe, lakini ni nyepesi na rahisi kuliko zote. Haikuwahi kuwa na nguvu. Imeishi kwa sababu ya bei.

Hata Marekani ni hivyo hivyo

Usidhani ni umaskini wetu. Marekani, ambako risasi huuzwa dukani kama misumari, kuna aina nyingi zilizotengenezwa mahsusi kwa wanyama waharibifu wa mashamba na malisho, na nyingi zimesahaulika. Mifano mitatu inatosha.

Mwaka 1955 viwanda viwili vilitoa risasi zinazokaribiana sana. Remington ilitoa .244, na bunduki zake zilichongwa kwa ajili ya vichwa vyepesi vya kuulia wanyama waharibifu. Winchester ilitoa .243, na mtutu wake uliweza kutuliza vichwa vyepesi na vizito pia. Mkulima wa kule alitaka bunduki moja ya kulinda shamba na kuwindia swala wa kwao. Alinunua .243, na .244 ikafifia ingawa kwa kazi yake ilikuwa bora.

Risasi ya .222, iliyotoka mwaka 1950, ilisifiwa sana kwa kulenga. Mwaka 1964 ikaja .223, ndugu yake risasi mpya ya jeshi la Marekani. Kwa sababu ya jeshi, maganda na risasi zake vikajaa sokoni kwa bei ya chini. Kidogo kidogo .222 ikakosa wanunuzi.

Mwaka 1970 Remington ilitoa risasi ndogo ya milimita 5, yenye kasi kuliko ndugu zake zote wa aina hiyo. Hakuna kiwanda kingine kikubwa kilichotengeneza bunduki za kuitumia. Baada ya miaka michache Remington ikaacha kutengeneza bunduki zake, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaacha na risasi. Waliozinunua wakiwa na furaha walibaki na bunduki mpya zisizo na kazi.

Baada ya uhuru: sheria na bei

Kwetu sababu hizo hizo zilifanya kazi, na mbili zikaongezeka.

Ya kwanza ni uhaba. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu. Wenye umri watakumbuka foleni za sabuni na sukari. Nchi inayotafuta dawa na mafuta haiwezi kutanguliza risasi za kufukuzia nyani.

Ya pili ni ujangili. Mwenye gobore aligundua zamani ile hesabu niliyoitaja mwanzoni: nyani halipi, nyama hulipa, na pembe hulipa zaidi. Bunduki iliyoombewa kibali cha kulinda shamba ikaonekana msituni. Serikali ikakaza kamba. Sheria ya wanyamapori ya 1974, kisha ya 2009, ziliweka wazi kuwa uwindaji bila leseni ni kosa. Operesheni Uhai ya 1989 ilikusanya silaha nyingi. Operesheni Tokomeza ya 2013 ilisimamishwa baada ya malalamiko makubwa ya wananchi kuteswa, na mawaziri wakapoteza nyadhifa. Mwaka 2015 ikaja sheria mpya ya kudhibiti silaha na risasi, ambayo inagusa pia magobore ya kienyeji. Na hapa milimani, msitu wa Uluguru ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Shamba linalopakana na msitu huo linapakana na sheria yake.

Kwa hiyo gobore limeondoka mikononi mwetu kwa njia ile ile liliyobakia: sheria. Kata ya Bunduki ipo bado upande wa Mgeta, lakini bunduki za kulindia shamba ni chache mno.

Na wanyama nao wana akili

Tuwe wakweli pia kuhusu enzi za wazee. Bunduki haikumaliza tatizo hata ilipokuwepo. Nguruwe hula usiku, na usiku mlengaji haoni. Nyani hujifunza umbali wa hatari na kumtambua aliyebeba silaha. Ukimuua mmoja, kundi huhamia kwa jirani kwa siku kadhaa kisha hurudi. Na panya, mharibifu anayekula shambani na ghalani, hakuna risasi yake.

Kilicholinda mashamba ya wazee ni watu. Walipanda kwa wakati mmoja, mashamba yao yalipakana, walilinda kwa zamu, walikuwa na mbwa na mitego. Bunduki ilikuwa nyongeza. Siku hizi watoto wako shule, ndipo wanapotakiwa kuwa, na vijana wengi wako mjini. Shamba limebaki na mama mmoja na debe la kugonga. Pengo hilo lisingezibwa na risasi hata kama zingekuwa za bure.

Tufanye nini na historia hii

1. Kama kuna bunduki ya marehemu nyumbani, usiifiche wala usijaribu kuitafutia risasi "inayokaribiana". Itapasuka, au itakufunga. Itoe taarifa polisi. Mara kadhaa serikali imetangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na muda huo ndio wa kuutumia.

2. Mfanyabiashara, baruti, fataki na risasi si bidhaa za kuweka pamoja na chumvi na betri. Bila leseni ni kesi. Na hata kwa bidhaa halali, kumbuka wenye maduka waliobaki na shehena za risasi ambazo bunduki zake zimekwisha. Usijaze vipuri vya mashine ambayo iko moja tu kata nzima.

3. Kabla ya kununua chombo chochote, uliza maswali manne. Chakula chake kinatengenezwa na viwanda vingapi? Kinauzwa wapi karibu na hapa? Sheria inasemaje? Kila matumizi yanaokoa zaidi ya yanavyogharimu? Ile .404 ilishindwa swali la kwanza, gobore la tatu. Risasi ya kumuulia nyani hushindwa la nne karibu kila siku.

4. Shamba la pembeni ya msitu lipange upya. Weka mpakani mazao ambayo wanyama hawayapendi sana, kama pilipili manga, tangawizi au mihogo michungu kwa wanaojua kuisindika. Mahindi yakae ndani, karibu na nyumba. Fyeka kichaka kati ya msitu na shamba ili mnyama akose pa kujificha.

5. Kaeni kama kitongoji mpange tarehe ya kupanda na zamu ya kulinda kwa zile wiki chache ambazo mahindi yako mabichi. Shamba lililowahi peke yake, au lililochelewa peke yake, ndilo linalobeba hasara ya wote.

6. Tembo, kiboko au mnyama mwingine mkali akiingia, toa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori wa halmashauri ili TAWA wajulishwe. Tangu kanuni za mwaka 2011 kuna kifuta jasho kwa uharibifu wa wanyama wakali, lakini hakitolewi bila uharibifu kukaguliwa na kuandikwa. Usivune mabaki kabla ya ukaguzi.

Anayesema "turudishiwe bunduki zetu" ana uchungu wa kweli, kwa sababu ekari moja ikiliwa ni chakula cha familia na ada ya shule. Lakini mwaka huu tusilisubiri gobore. Mkutano wa kitongoji kabla ya mvua kuanza hauhitaji leseni, na ndipo pa kupangia zamu.